JE, RAIA AIOGOPE SERIKALI YAKE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

  

Katika muhula wa pili chama chetu kilijadili hoja isemayo, "Raia mwema huiogopa serikali yake." Ukumbi ulijaa pomoni hadi wengine wakachungulia madirishani. Waliounga mkono walizungumza kwa mbwembwe, wakatuchapa kwa methali mbili tatu, na kura zilipohesabiwa hoja ikapita. Sisi wapinzani tulikatizwa na kengele. Mwanafunzi wa kutwa anajua kwamba saa ikifika ni lazima ashike njia, la sivyo giza litamkuta barabarani. Basi yale ambayo hatukuyamaliza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa. Nia yangu si kumgombanisha mtu na serikali. Nataka tujifunze pamoja, kwa sababu miaka miwili ijayo wengi wetu tutachukua vitambulisho na kuitwa watu wazima, na itatubidi tujue tunaishi na nani.

1. TUCHIMBE MANENO KWANZA

Mwalimu wetu hupenda kutuambia kwamba ukitaka kulielewa jambo, lichimbe neno lake. Tuyachimbe machache.

Neno la kwanza ni serikali. Watu mitaani hutania kwamba serikali ni "siri kali", na wakisha kusema hivyo huangua kicheko. Huo ni utani tu. Neno hili lilitoka katika lugha ya Kiajemi, ambako sar ni kichwa na kar ni kazi, yaani mkuu wa kazi, msimamizi wa shughuli. Kwa asili yake basi serikali ni msimamizi. Msimamizi huwa na mwenye mali aliyempa kazi, na huwa na siku ya kutoa hesabu.

Neno la pili ni raia. Hili ni la Kiarabu, na maana yake ya zamani ni watu walio chini ya mtawala, kama kundi lililo chini ya mchungaji. Lakini sisi tunalo neno jingine tamu zaidi, nalo ni mwananchi, mwana wa nchi. Kondoo ana sababu ya kuiogopa fimbo. Mwana wa nyumba naye, hata akikanywa, hajifichi uvunguni kila baba akibisha mlango. Akijificha, basi kuna jambo baya katika nyumba ile.

Neno la tatu ni huru. Zamani huko pwani mtu huru aliitwa mwungwana na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Litazame vizuri neno mtumwa. Limetokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa. Mtumwa ni mtu anayetumwa, asiye na hiari yake. Sasa fikiria mtumwa mwenye bwana mpole sana. Bwana yule humlisha pilau, humvisha kanzu safi, wala hajawahi kumchapa hata kofi. Je, mtumwa huyo yu huru? La hasha! Bwana akiamka kesho na kisirani, anaweza kumpiga au kumwuza, na hakuna mtu wa kumwuliza. Upole wa bwana hauwi uhuru wa mtumwa. Tafadhali lishike jambo hili mkononi, tutalihitaji mbele.

La mwisho ni hofu yenyewe. Kiswahili ni tajiri. Tuna kuogopa, na tuna kucha, kitenzi ambacho siku hizi tunakisikia zaidi katika "mcha Mungu". Mcha Mungu hakimbii Mungu. Humheshimu, humtii, na huja mbele yake kuomba na hata kulalamika. Anayeogopa hukimbia au hunyamaza. Wenzangu walioshinda mjadala waliyachanganya haya mawili. Walitaka raia aheshimu sheria, jambo ambalo hata mimi naliunga mkono, lakini wakaliita hofu.

2. HOFU ILIINGIAJE NCHINI MWETU?

Hofu ya Mkenya kwa serikali haikuanguka kutoka mbinguni. Ilipandwa, ikanyweshwa maji, ikamea.

Wakoloni walileta kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, ndani ya kijikasha cha chuma. Wengi walikivaa shingoni kwa uzi. Nina miaka kumi na sita. Ningalizaliwa wakati ule, hiki hapa kifua changu kingekuwa kimening'inizwa chuma kama kengele ya mbuzi, na askari yeyote angeweza kunisimamisha njiani na kuniuliza nakwenda wapi.

Harry Thuku aliposimama kupinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, alikamatwa mwezi wa Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, na miongoni mwao alikuwepo mama shujaa Muthoni Nyanjiru. Tarehe 16 Machi wakapigwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja wafu 21, na wengine walisema walikuwa wengi zaidi. Muthoni alikuwa mmoja wao. Thuku akapelekwa Kismayu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Watu wakatiwa kambini kwa maelfu, vijiji vikazungushiwa seng'enge, na zaidi ya Waafrika 1,000 wakanyongwa. Hali hiyo iliondolewa mwaka 1960. Hapo wazee wetu walijifunza kwamba serikali ni ya wengine, na kwamba ukiiona inakuja, ondoka.

Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Watu wakacheza ngoma usiku kucha. Lakini wapi! Bendera ilibadilika, na baadhi ya zana za mkoloni zikabaki kabatini. Mwaka 1966 serikali yetu wenyewe ikajipa tena uwezo wa kumtia mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani.

Hapa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunamkumbuka mmoja wetu, Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei tu, aliandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?" Alishtakiwa kwa uchochezi akafungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Mashairi hayo yakatoka kama kitabu, Sauti ya Dhiki, mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Tafakari kidogo, ndugu msomaji. Mtu alifungwa kwa kuuliza swali, kisha maneno aliyoyaandika akiwa kifungoni yakapewa tuzo yenye jina la Rais wa wakati ule ule! Naye Ngugi wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kusomewa shtaka lolote, kufuatia mchezo wa kuigiza ambao wanakijiji wa Kamiriithu waliucheza.

Mwezi wa Juni 1982 Katiba ikabadilishwa, chama kikawa kimoja tu kwa sheria. Mwaka 1988 watu walipiga kura ya mlolongo, unasimama nyuma ya picha ya mgombea huku kila mtu anakuona, chifu akiwemo. Mwaka huo huo Rais akapewa uwezo wa kuwaondoa majaji kazini, uwezo uliodumu hadi 1990. Na chini ya jengo refu la Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi, kulikuwa na vyumba vya giza ambamo watu waliteswa. Watu walipanda juu kushughulikia pasipoti zao, na chini kuna mwenzao analowa maji sakafuni. Zama hizo ndizo watu walizoea kusema ukuta una masikio. Babu yangu hata leo akitaka kutaja jina la mkubwa fulani hugeuka kwanza kuangalia dirisha, ingawa nje hakuna mtu ila kuku.

Sasa sikiliza upande wa pili wa historia, maana hofu haikushinda. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu walikwenda Kamukunji kudai vyama vingi ingawa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kutiwa ndani. Mwezi wa Desemba 1991 ule mfumo wa chama kimoja ukafutwa. Mapema mwaka 1992 akina mama, wengine wazee wa kutembelea mkongojo, waliketi bustanini Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa. Walipigwa na kurushiwa gesi ya kutoza machozi tarehe 3 Machi. Hawakurudi nyumbani. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mmoja, na karibu wana wao wote wakaachiliwa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, husema wahenga. Akina mama hawa walilia kweli, lakini mwisho wake kicheko kikaenda kwao.

Mwaka 1997 lile kosa la uchochezi lililomfunga Abdilatif likaondolewa katika vitabu vya sheria. Mwaka 2003 vyumba vya Nyayo House vikafunguliwa watu wavione. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba watu 21 walioteswa humo walipwe fidia. Hata Uingereza, mwaka 2013, ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Haki ilichelewa, na wengi walikufa wakiingoja. Hata hivyo serikali mbili kubwa zilisimamishwa mbele ya hakimu zikaulizwa, "Mlifanya nini?"

3. MFANO WA DARASANI

Wengine mtasema historia ni mbali. Njoo basi darasani.

Tuseme kuna kiranja mwenye daftari la kuandika wapiga kelele. Hakuna sheria ukutani. Anaandika jina la anayemtaka, halifutiki, na mwalimu haulizi. Itakuwaje? Darasa litanyamaza ji! Mgeni akipita atasifu, "Darasa hili lina nidhamu." Lakini ndani ya kimya kile yule aliyekosana na kiranja juzi juu ya kalamu anatetemeka, na anayetaka kuuliza swali la hesabu anaogopa kufungua mdomo. Kiranja mwenyewe ndiye mpiga kelele mkubwa.

Darasa la pili lina kiranja pia, na daftari pia. Ila sheria zimebandikwa ukutani, anayeandikwa huambiwa kosa lake, na akiona ameonewa anaweza kumwendea mwalimu wa darasa. Kiranja akithibitika kuonea watu, huvuliwa beji. Humo anayeogopa ni mkosaji peke yake. Wengine wanamheshimu kiranja na kazi zao zinaendelea.

Madarasa yote mawili yana utawala, na yote yanaweza kuwa kimya. Tofauti ni swali moja tu: mwenye nguvu anaulizwa na nani? Sasa mkumbuke yule mtumwa wa bwana mpole. Hata kiranja wa darasa la kwanza akiwa kijana mzuri asiyeandika mtu bure, darasa lile bado haliko huru. Linaishi kwa hisani yake.

4. HOFU INAHARIBU NINI?

Katika mtaa wetu yupo kijana fundi wa baiskeli. Jioni moja alikamatwa akitoka kazini. Hakuambiwa kosa. Alilala korokoroni siku tatu, jamaa wakachanga kitu kidogo, akatoka bila kuona mahakama hata kwa mbali. Mama yake alipoulizwa mbona hamkulalamika, alijibu, "Mwanangu, serikali ina mkono mrefu."

Baadaye duka moja jirani lilivunjwa usiku. Kijana yule aliwaona wezi kwa macho yake. Je, alikwenda kupiga ripoti? Ng'o! Aliogopa kwamba akiingia kituoni kama shahidi atabaki kama mshukiwa. Mwenye duka alifunga biashara, na wezi wapo wanatembea.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Wenzangu walisema hofu huleta usalama. Mimi naona hofu ya namna hii humlinda mwizi. Askari hana macho elfu. Macho yake ni sisi, na macho yanayoogopa hujifumba. Vivyo hivyo mwananchi anayemwogopa chifu hataripoti pesa za shimo la maji zilizoliwa, na mzazi anayeogopa ofisi hatauliza basari ya mwanawe ilikwenda wapi. Serikali inayoogopwa hubaki kipofu na kiziwi, na kiziwi hawezi kutawala vizuri hata akitaka.

5. TUWASIKIE WALIOSHINDA MJADALA

Si haki kuwapiga watu wasipokuwepo. Hoja zao zilikuwa tatu.

Ya kwanza: "Mwenye nguvu mpishe." Methali hii ni kweli barabarani lori likija. Lakini lori halikuchaguliwa na watembea kwa miguu, wala halinunuliwi mafuta kwa kodi zao. Serikali tunaichagua na tunailisha. Kila ukinunua sabuni dukani umeilipa. Mtu huwa hampishi mtumishi wake mlangoni kwa hofu. Humwambia, "Pita, lakini niambie ulichofanya leo."

Ya pili: bila hofu kutakuwa na fujo. Hapa wana ukweli, na lazima niukubali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliteketea, zaidi ya watu 1,100 wakafa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Jirani alimwogopa jirani kuliko simba. Kwa hivyo pasipo serikali hakuna uhuru, kuna hofu ya aina nyingine tu, ya mwenye panga. Lakini tusome habari yenyewe hadi mwisho. Tume iliyochunguza ghasia zile iligundua kwamba zaidi ya thuluthi moja ya waliokufa waliuawa kwa risasi. Wananchi wale walihitaji ulinzi, na wengine wakapata mauti. Tunahitaji serikali yenye nguvu ya kumzuia mwenye panga, na sheria yenye nguvu ya kuizuia serikali. Moja bila ya nyingine haitoshi.

Ya tatu: "Vijana wa leo hawana adabu." Hii waliisema wakifikiria Juni 2024. Sote tunakumbuka. Vijana, wengi wao wakituzidi miaka michache tu, waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia Bungeni, sehemu ya jengo ikawashwa moto, na watu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Katika wiki na miezi iliyofuata vifo zaidi viliripotiwa, na watu wakanyakuliwa na askari kanzu wasiojitambulisha. Kuchoma jengo la umma ni kosa, sisemi vinginevyo. Mwenye kosa hilo apelekwe mahakamani, asomewe shtaka, ajitetee. Hiyo ndiyo njia. Kumpiga risasi asiye na silaha, au kumtia mtu ndani ya gari lisilo na nambari na kumficha mama yake asijue alipo, hata kuwe na kosa gani, ni kuturudisha kule kule tulikotoka.

6. UHURU NI NINI HASA?

Sasa tunaweza kujibu. Wapo wanaodhani uhuru ni kufanya upendalo. Huo ni uhuru wa mbuzi shambani, na mwisho wake ni mahindi ya jirani kuisha. Wapo wanaodhani uhuru ni kuachwa tu, yaani nisipopigwa leo basi niko huru. Hao wamemsahau mtumwa wa bwana mpole.

Mimi nasema hivi: mtu yu huru akiwa haishi chini ya hiari ya mtu mwingine, bali chini ya sheria ambayo yeye na mtawala wake wote wanainamia. Rais anainama, chifu anainama, mimi nainama. Kwa sababu hiyo mamlaka yamegawanywa mafungu matatu: Bunge hutunga sheria, serikali kuu huzitekeleza, mahakama huamua. Mfaransa Montesquieu alilieleza jambo hili katika kitabu chake mwaka 1748. Sababu yake ni rahisi. Kisu na kinoo vikishikwa na mtu mmoja, kuku wote wa kijiji hawalali.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, iliyoanza kutumika tarehe 27 mwezi huo, inaanza kwa kusema katika Kifungu cha 1 kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Wakubwa tumewaazima. Kifungu cha 25 kinataja mambo ambayo hayawezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, ahukumiwe kwa haki, na aliyeshikwa aweze kuletwa mbele ya mahakama. Haki nyingine zina mipaka. Kwa mfano Kifungu cha 33 kinakupa uhuru wa kusema, lakini hakikupi ruhusa ya kuchochea vita, ghasia wala chuki ya kikabila. Mipaka hiyo ni sawa, kwani mdomo nao unaweza kuua.

7. MAMBO YA KUKARIRI

Somo bila zoezi ni bure. Tafadhali yakariri haya kama unavyokariri ngeli za nomino. Yanatoka katika Katiba.

(a) Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, ni kwa nini. (Kifungu cha 49)

(b) Una haki ya kunyamaza, wala hulazimishwi kukiri jambo ambalo litatumiwa dhidi yako. (Kifungu cha 49)

(c) Una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima. (Kifungu cha 49)

(d) Ni lazima ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiishia wakati mahakama imefungwa, unapelekwa siku ya mahakama inayofuata. (Kifungu cha 49)

(e) Sisi tulio chini ya miaka 18 hatupaswi kuwekwa rumande ila njia nyingine zote zikishindikana, tena kwa muda mfupi kabisa, na tutengwe na watu wazima. (Kifungu cha 53)

(f) Una haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. (Kifungu cha 37) Sheria inataka polisi waarifiwe mapema, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Angalieni neno: kuarifiwa. Kuarifu si kuomba ruhusa.

Ukidhulumiwa na askari, ipo mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mama wa fundi wa baiskeli hakuijua. Nilipomweleza aliniuliza, "Na nikienda huko, nani atanilinda nikirudi?" Sikuwa na jibu jepesi la kumpa. Ndiyo maana nasema karatasi peke yake haimfanyi mtu huru. Katiba ni kama jembe: liko pembeni ya nyumba, kali, jipya, lakini shamba halijilimi. Mtu mmoja akilishika ataonwa mkaidi. Mtaa mzima ukilishika, hata mkono mrefu hufikiri mara mbili.

8. NA SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tuheshimu sheria bila kusukumwa. Raia anayetoa hongo hana mdomo wa kumkemea anayepokea. Pili, tujifunze kuuliza kwa adabu. "Samahani afande, kosa langu ni nini?" ni maneno machache tu, hayana tusi, na Katiba iko nyuma yake. Tatu, tuanzie hapa hapa shuleni. Viranja watoe hesabu, na chama chetu kisomewe matumizi ya pesa zake kila muhula. Anayeogopa kuuliza pesa za jarida zimekwenda wapi atawezaje kuuliza za kaunti? Nne, tuwahesabu askari kuwa watu. Nao wana watoto shuleni humu, wengi hulala nyumba mbovu, na wapo wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Hao wema ndio wa kwanza kufaidika raia asipowaogopa.

Nikiirudia ile hoja, nasema raia mwema haiogopi serikali yake. Huiheshimu ikifuata sheria na huiuliza ikikengeuka. Serikali nayo haina haja ya kumwogopa raia wake. Imwonee haya tu, kama msimamizi anavyomwonea haya mwenye mali siku ya hesabu.

Kalamu yangu imefika ukingoni. Naomba hoja hii irudishwe mwakani, na safari hii kengele ichelewe kidogo.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza tofauti baina ya kuogopa na kucha. Tunga sentensi mbili kwa kila kitenzi.

2. "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Je, methali hii inafaa kwa raia na serikali yake? Toa sababu.

3. Kwa nini mwandishi anasema kwamba mtumwa wa bwana mpole bado si huru? Toa mfano wako mwenyewe kutoka nyumbani, shuleni au mtaani.

4. Ungalikuwa wewe ndiye wa kumjibu mama wa fundi wa baiskeli, ungalimwambia nini?